Kibao cha Msonobari

Shemeji yangu ni fundi seremala, na ukaidi wake, jamani, ungeuzwa kwa kilo asingebaki maskini. Tangu dada yangu afariki anaishi peke yake nyuma ya karakana, chumba kimoja, kitanda kimoja, na kiti cha pili kisichokaliwa na mtu. Mimi humtania, ndiyo haki yetu mashemeji: "Wewe hata panya wamekuhama!" Hucheka kidogo, kisha hurudi kwenye randa yake.

Binti yake alipoolewa mbali, shemeji alimtengenezea kibao cha kukatia mboga, cha msonobari, kama alichokuwa nacho marehemu. Wiki haikuisha, kibao kikarudishwa kwa basi, kimefungwa gazeti. "Baba, mbao zinafuga vijidudu," binti alisema kwenye simu. "Huku natumia cha plastiki." Baada ya hapo simu zikawa za nadra.

"Hajakataa kibao," shemeji aliniambia. "Amenikataa mimi."

Mimi nafanya kazi maabara ya chuo, naosha vyombo na kuandaa sampuli. Akaniletea kile kibao. "Kipime, shemeji. Nikipata ushahidi, mwanangu atarudi kwangu." Moyoni nikasema la kuvunda halina ubani, lakini kumnyima ningeanzia wapi? Alikuwa amekonda, na shati lake halina vifungo viwili.

Nilikwangua kwenye kibao unga wa kiini, ile sehemu nyekundu ya ndani ya mti, na kwenye kipande kingine cha karakanani unga wa ubao mweupe wa karibu na gome. Nikauloweka kila mmoja kwenye spiriti, nikadondoshea vipande vya karatasi, nikaviweka kwenye visahani tulimootesha vijidudu. Kesho yake, kwa ule mweupe, vijidudu vilikuwa vimesogea hadi ukingoni mwa karatasi. Kwa kiini palibaki duara safi. Mti huweka humo mafuta na utomvu wa kujikinga na uozo, na ndiyo hayo yanayonukia ukiumwagia maji ya moto. Wakubwa pale chuoni wanawaza hata kutengenezea rafu za hospitali.

"Ila kioshwe," nilimwonya shemeji. "Kinavipunguza, hakivimalizi."

Wapi! Alikuwa ameshapiga simu, sauti ameifungulia yote. "Duara safi, mwanangu! Mama yako mdogo kaliona kwa macho yake! Kibao chako ni kiini kitupu!"

"Baba," binti akasema, "mimi sikuogopa vijidudu."

"Sasa?"

"Siku ya kwanza nilikimwagia maji ya moto, nyumba nzima ikanukia Mama. Nikakaa chini jikoni nikalia mpaka mume wangu akarudi kutoka kazini. Ningekwambiaje, Baba? Ungelia na wewe, huko peke yako, bila mtu wa kukushika mkono. Hata kupiga simu nikawa naogopa, nisije nikasema."

Shemeji alivua miwani. Siku ya mazishi sikumwona akitoa chozi, na nilimchukia kwa hilo, nakiri wazi. Sasa machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nalala ndani ya harufu hiyo. Unadhani kwa nini sihami?"

Tulimsikia binti akipenga kamasi, muda mrefu.

"Basi kilete mwenyewe, Baba. Tulie wote."