Mkia wa Habari Uliokatwa

Wajukuu mtakaosoma haya, na hasa nyie mnaojifunza kuandika magazetini, kaeni vizuri mnisikilize, maana aibu niliyoipata mimi kikongwe wa Kipalapala, na sufuria ya wali mikononi mbele ya wakwe wa watu, simtakii hata adui yangu.

Mjukuu wangu Veronika alikuwa mafunzoni kwenye gazeti moja dogo la mjini, akatumwa aandike habari ya mbuzi wanaoibwa huku kwetu. Akaweka simu mezani inarekodi, akaniuliza, "Bibi, mnamshuku nani?" Wakati huohuo akaingia jirani yangu Mzee Ndahani, ambaye ni Mgogo (na sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani, toka babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani wakilipishwa hata maji ya kunywa), basi mdomo ukaniwasha, nikasema, "Mwizi si huyo anaingia! Muone, midomo bado ina mafuta."

Naye bila kupepesa jicho: "Kweli, mbuzi wako nimemla na ngozi naitandika kitandani. Kesho nakuja kukubeba wewe."

Tukacheka, tukaendelea kutukanana mpaka chai ikapoa.

Jioni Veronika akanisomea alichoandika. Juu kabisa kaweka kwamba hawa wazee ni watani na maneno yao ni mzaha. Nikamkatiza. "We mtoto, nani kakufundisha kusimulia hivyo? Ukishasema ni utani, atacheka nani? Hilo weka mwisho."

"Bibi, habari si hadithi. Lililo zito linakaa juu, jepesi chini, kama piramidi iliyopinduliwa, kwa sababu nafasi ikiwa ndogo mhariri anakata mkia."

"Mkia ndio unaomfukuzia ng'ombe nzi," nikamwambia. "Weka mwisho." (Shule niliishia darasa la pili, lakini kwa ubishi nina digrii.) Mtoto ana adabu zake, akatii.

Sasa mhariri wao si mtu wa huku. Likaingia tangazo la mbolea ya tumbaku, nafasi ikapungua, akakata mkia.

Mimi sikujua. Gazeti likatoka Jumamosi, siku ileile wageni wa Nzega walipokuja kwa Ndahani kumposa mjukuu wake Estheri, binti niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Naingia na sufuria yangu ya wali, nakuta watu wamekaa kama msibani. Mshenga wao, baba mmoja mnene wa suti, kashika gazeti anasoma kichwa cha habari kwa sauti: "Mzee akiri kuiba mbuzi." Chini yake picha ya Ndahani meno yote nje, na maelezo ya picha kwamba anacheka baada ya kukiri.

Nikacheka. Peke yangu.

"Mama, unacheka nini? Sisi hatuoi kwenye nyumba ya wezi."

"Ni utani, baba."

"Gazeti halina utani. Tena chanzo cha habari wamekitaja hapa, bibi jirani yake. Si wewe?"

Estheri kasimama mlangoni, kanga mdomoni, machozi yanamtoka. Ndahani maskini (mtani hakasiriki, ndiyo sheria yetu) anatazama viatu vyake tu, na mimi kila nikifungua mdomo namzidishia, nikaona kabisa nimemvunjia binti wa watu ndoa.

Ndipo Veronika, aliyenifuata na bakuli la mchuzi, akasema, "Jamani, sauti yote ninayo." Akaifungulia simu. Vicheko vyetu vikasikika, wageni wakaanza kulegea, nami nikashusha pumzi, mapema mno, kwa sababu simu ilikuwa imeendelea kurekodi, na sauti yangu hiihii ikatoka: "Ndahani, hao wa Nzega wakija, mbuzi waliobaki wafungie chumbani, nasikia mshenga wao ana tumbo kama kihenge cha mahindi!"

Sufuria ikaniponyoka. Wali wote kwenye viatu vya mshenga.

Mshenga akalitazama tumbo lake. Sote tukalitazama. Halafu shangazi wa bwana harusi akapasuka kwa kicheko, "Yesu wangu, sifa za kihenge chetu zimefika mpaka Kipalapala!" na mshenga mwenyewe mabega yakaanza kutikisika, akasema, "Wali ndio huo umemwagika. Basi leteni huyo mbuzi wa wizi tule."

Posa ikapokelewa. Nilikaa chini palepale kwenye wali, nikahema kama mpagazi aliyetua mzigo.

Masahihisho waliyatoa wiki iliyofuata, maneno mawili matatu ukurasa wa ndani, ilhali ule uongo ulikaa ukurasa wa mbele umenenepa. Sikuridhika, lakini sikubisha. Ubishi wangu nimeuona ulikonifikisha. Lililo zito liende juu, wajukuu, msimsikilize bibi.

Na nyumbani kwangu nimeamuru: mtu wa gazeti akiingia hapa, asipewe hata maji kabla hajaambiwa nani ni mtani wa nani, na anayetaka kumtukana Ndahani asubiri simu izimwe.