Soksi Niliyoifunga Kidole

Baba alikuwa dereva wa trekta ya kuvuta ndege, kwa uwanja mdogo nje ya mji. Jumamosi moja alikuja nyumbani Kaloleni na mfuko mrefu wa kitambaa, rangi ya machungwa, umepasuka ubavuni.

"Hii ni soksi ya upepo. Rubani anaiangalia kujua upepo unatoka wapi. Mama yako hayuko, wewe ndiye fundi leo."

Nilikuwa fom tatu, na kwa hol ya esteti densi ilikuwa inaanza saa tisa. Sikuuliza swali hata moja. Nikakanyaga cherehani mbio, nikaziba mpasuko, halafu nikaona ncha nyembamba iko wazi. Soksi gani haina kidole? Nikaifunga pia, nikatoka.

Kesho yake, baada ya kanisa, nikampelekea baba muthokoi kazini, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Upepo ulikuwa mkali, vumbi mpaka kwa meno. Soksi yangu ilikuwa juu ya mlingoti, imefura, inajipindapinda. Kandege kadogo kakashuka kakiyumba. Gurudumu moja likagusa, upepo ukakapiga ubavuni, bawa likakwaruza lami, kakazunguka kakaingia kwa nyasi, pua chini.

Rubani akatoka mwenyewe, mzima, akipangusa magoti. Niliona baba amefutwa kazi tayari.

"Baba, nilifunga kidole."

"Kidole gani?"

Nikamwonyesha mlingoti. Akaangalia juu. Halafu akanivuta mkono mpaka kwa rubani.

"Bwana, soksi imeshonwa vibaya. Mimi niliipandisha bila kuiangalia."

Alisema mimi. Hakusema huyu msichana.

Rubani akainua macho, akacheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe ndiyo maana inacheza twisti! Hapana, mzee. Upepo nilikuwa naujua. Umegeuka nikishagusa chini, na hiyo hakuna soksi ingeniambia." Akanigeukia. "Lakini wewe, upepo ukiingia lazima utoke."

Akanipa kisu chake cha mfukoni. Baba akaishusha soksi, nikakaa kwa nyasi nikifumua uzi mmoja mmoja, pole pole, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Mami, mguu wako ndio una kidole," baba akasema, mdomo umejaa muthokoi. "Upepo hauna."

Tukaipandisha tena. Ikanyooka vizuri kabisa. Muthokoi, baba alikuwa amenibakishia nusu.