Firigisi ya Babu

Juzi mjukuu wangu aliopoa firigisi chunguni bila kumwuliza mtu, nikakumbuka alasiri moja ya Korogwe nilipokuwa msichana wa shule, upepo ukituletea harufu ya makapi ya mkonge kutoka shamba la Ngombezi.

Darasani mwalimu alitaka tutaje kwa Kiingereza jambo linaloaminiwa na watu. Nikasimama, nikasema inaaminika kwamba mwanamke akila firigisi huwa kiziwi.

"Vizuri sana!" akasema mwalimu.

Alikuwa anasifu Kiingereza changu tu, lakini mimi nilidhani amethibitisha jambo lenyewe. Kama limekubalika kwa Kiingereza, basi hata serikali imelikubali.

Nikakimbia nyumbani kumweleza bibi. Nilimkuta jikoni kwenye moshi wa kuni, ameupa mlango mgongo, anatafuna firigisi ya babu.

"Shikamoo, bibi. Utakuwa kiziwi!"

Bibi akaweka kiganja sikioni. "Unasemaje, mjukuu wangu?"

Nikaangua kilio. Yeye akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akanitia mdomoni kipande kilichobaki.

Nilitafuna huku nimetega masikio. Nje babu alikuwa anaita, anauliza chakula kiko wapi. Tulimsikia vizuri sana, sote wawili, wala hatukuitika.