Fundi Lupakisyo Aliyemkatalia Shemeji Yake

Jua linachomoza upande wa Kimamba, na korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, bado imelala. Lupakisyo Mwakalobo ameinama chini yake na spana mkononi. Anakaza nati, anaujaribu mkanda kwa kiganja, kisha anawageukia wanaume wanaosubiri na mizigo ya majani.

"Rudini nyuma kwanza," anasema.

Wote wanarudi nyuma. Ndipo injini inawashwa.

Katika mashamba ya mkonge ya Kilosa, fundi huyu anajulikana kuliko mameneja wengi. Alitoka Rungwe akiwa kibarua wa kukata mkonge, akajifunza mitambo kwa Singasinga mmoja aliyekuwa fundi mkuu. Leo ni mwenyekiti wa Chama cha Mafundi Mitambo, walichokianzisha mafundi wenyewe baada ya ajali ya mwaka 1953.

Aliyeumia ni Filipo, mlishaji wa korona. Alikuwa ameingiza mkono kutoa majani yaliyokwama, mtu aliyejiita fundi akawasha injini bila kuuliza. Mkono ulikatwa.

"Yule hakuwa mtu mbaya," anasema Lupakisyo. "Hakufundishwa. Siku zile ukishika spana tu, umeshakuwa fundi."

Tangu hapo chama kina sharti lake: haitwi mtu fundi mpaka apimwe na wenzake, mashine ikiwa inafanya kazi mbele yao. Sheria ya serikali haimlazimishi mwajiri kulifuata, lakini baadhi ya mameneja sasa huuliza kwanza, "Chama kimempitisha?"

Mwaka jana sharti hilo liliingia nyumbani kwa mwenyekiti. Beda, mdogo wa mke wake, aliomba kupimwa, na kazi ilikuwa ikimsubiri shamba la jirani. Alijibu kila swali vizuri. Kisha akafungua kifuniko mkanda ukiwa bado unazunguka.

"Shemeji, wenzako hawakuona," Beda alimnong'oneza.

"Mimi nimeona."

Kazi ikaenda kwa mwingine. Mkewe, Hildegarda, hakuficha hasira. "Nilimwambia, Baba Raheli, umemwaibisha ndugu yangu mbele za watu," anakumbuka. "Chakula nilimpakulia. Maneno sikuwa nayo."

Beda akahamia Kidete, akawa msaidizi kwenye pampu ya maji ya reli. Hakuleta hata salamu. Aliyemfuata huko ni Filipo, kwa hiari yake mwenyewe.

"Hakunihubiria," anasema Beda. "Tulikunywa chai, tukazungumza habari za nyumbani. Alipotaka kuondoka, akaninyooshea mkono uliobaki, akaniomba nimfungie kifungo cha mkono wa shati."

Kisha anaongeza: "Nilikifunga. Wiki iliyofuata nikaenda kwa shemeji, nikamwamkia, nikamwomba anifundishe."

Mwezi Mei Beda alipimwa tena. Lupakisyo alikaa nje ili wengine waamue bila kumtazama usoni. Walimpitisha, na sasa Beda ana mtambo wake katika shamba moja upande wa Msowero.

Mwenyekiti hajaridhika. Macho yake yameanza kufifia, na katika mkutano ujao atapendekeza kila fundi apimwe upya kila mwaka, yeye akiwa wa kwanza. Baadhi ya wanachama wamemsihi aliache jambo hilo, wakihofia aibu.

"Nikishindwa, nitarudi kuwa msaidizi," anasema, akifuta grisi vidoleni. "Nimeshamwomba Beda anipokee."