Baiskeli Nyepesi ya Kwenda Lingeka

Miezi mitatu baada ya kumzika mume wangu nilianza kuunda baiskeli. Majirani zangu hapa Bariadi walidhani akili imeruka, na mmoja aliniambia hivyo hivyo usoni bila haya. Bodaboda zimejaa kila kona, gari za kwenda Mwanhuzi zipo, mwanamke mzima na cherehani yako, baiskeli ya nini? Siku zile kujibu watu kulinichosha kuliko kufua mablanketi.

Wazo lilikuwa la marehemu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni akimaliza kusahihisha madaftari alitazama kwenye simu watu wanaozunguka nchi kwa baiskeli, mizigo wameifunga kwenye fremu na usukani, hawana keria, wanalala popote giza linapowakuta. Ananiita, "Njoo uone wendawazimu wenzangu." Mimi nashona, nampuuza. Mwisho akaenda Mwanza, akarudi na fremu ya alumini, na magurudumu na gia zake, aliyoipata kwenye baiskeli za mtumba, akaiegemeza ukutani upande wangu wa kitanda. Tukagombana, maana ilikuwa inanichania neti. Akasema pamba ikishavunwa tutakwenda wote wawili kwa mama yake, Lingeka, wilaya ya Meatu, kila mtu na baiskeli yake. Mama mkwe alipoambiwa kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Pamba haijapasuka, homa ikamchukua mwanawe.

Tulimzika kwao. Mimi sikulia. Sikulia nyumbani, sikulia njiani nyuma ya jeneza, sikulia kaburini. Mama mkwe alipiga ukunga mpaka sauti ikakauka, wanawake wakamshika mikono asijitupe chini. Mimi nimekaa mkekani naangalia miguu ya watu, nani kavaa viatu vya plastiki, nani yuko peku. Niliwasikia nyuma yangu. "Hebu tazama macho yake, hata kuloa." "Na huyu ndiye aliyekuwa naye ndani." Kauli hiyo ya pili kwetu haisemwi bure. Ukiisikia msibani, ujue wameanza kusema umemuua wewe.

Siku ya kuondoka nilipiga magoti mlangoni kwa mama mkwe nimuage. Hakutoka. Nilikaa pale mpaka dereva akapiga honi, nikanyanyuka nikajipangusa vumbi. Tangu hapo kila nikipiga simu anapokea jirani yake, ananiambia mama yuko shamba. Saa mbili usiku yuko shamba! Haya, nikasema, tumeelewana.

Hilo ndilo lililonitia kwenye baiskeli. Nilitaka kusimama mbele ya yule mama nijue kama bado mimi ni mtoto wa ule mji, au nimeshafutwa. Kupanda gari ningeweza. Lakini tulikuwa tumemwambia tutafika kwa baiskeli, na kichwa changu wakati ule kilikuwa kimeshika neno hilo moja tu, mengine yote yanateleza. Mtu akishachomwa sindano ya kung'oa jino, anajigusa shavu anaona kama la mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Ile fremu ilikuwa ya mtu mrefu. Nilipojaribu kuipanda nikabaki naning'inia, vidole vya miguu havigusi chini. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa spea pale sokoni, Mwislamu mpole, nilikuwa namshonea kanzu. Akanitolea mbili ndogo nichague. Moja ya chuma, akasema hii ikikatika njiani utachomelea kijiji chochote. Nyingine ya alumini, ya mtumba vilevile, imechubuka rangi, lakini unainyanyua kwa mkono mmoja kama ndoo tupu. Nikapiga hesabu za njia yenyewe: kule kuna mchanga wa kusukuma, kuna makorongo ambayo baiskeli inabebwa begani. Nikachukua ya alumini, nikamwachia ya marehemu. Tulibadilishana palepale, kama watu wanaobadilishana majembe.

Jioni shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja mbio. Alishasikia, mji huu hauna siri. "Shemeji, kweli umetoa kitu cha kaka?"

"Nimekibadilisha. Kilikuwa hakinitoshi."

"Na haikukuuma?"

"Haikuniuma."

Nadhani alikuwa anategemea nimdanganye. Nilimkaribisha chai, akasema ameshakunywa, akaondoka. Nami nikaogopa kweli, si kwa sababu yake, bali kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli tupu.

Magurudumu ya marehemu niliyabakiza, na gia zake pia. Tairi ndizo zilizonisumbua. Tairi nyembamba inaruka kwenye lami kama kuku anayefukuzwa, lakini ukiingia mchangani inazama, na miiba ya migunga haiogopi. Tairi nene ya milimani inakukokota utadhani unalima. Nikachagua ya katikati, yenye meno madogo, na ya nyuma nikaiwekea ndani mkanda wa tyubu kuukuu kuzuia miiba, kwa sababu nyuma ndiko kwenye matako na mzigo. Ya mbele nikaiacha bila mkanda ili isiwe nzito. Kisha nikaanza kuvua. Keria, nje. Stendi, nje. Madigadi nje pia, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajisokota ndani ya madigadi mpaka gurudumu linagoma, utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Mzee wa spea alitikisa kichwa akaniuliza sasa mgeni utampakia wapi. Nikamwambia sina mgeni.

Mikoba nilishona mwenyewe kwa turubai la lori. Mmoja wa pembetatu ndani ya fremu, mmoja mrefu wa kufunga mbele chini ya usukani, na wa tatu nyuma ya siti, umechongoka kama mkia wa bata. Nilikata kwanza maboksi kupata vipimo, nikaweka mshono mara mbili, nikapaka nta ya mshumaa kwenye uzi. Kazi ilitoka safi, nasema mwenyewe. Wiki ile ndiyo peke yake niliyokumbuka kula bila kukumbushwa.

Niliipima kwenye ghala la pamba, kwa kuwa mzani mwingine wa kuaminika sikuujua. Msimu ulikuwa umeanza, wakulima wamepanga foleni na magunia yao, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mpimaji akaitundika baiskeli na mikoba yake, akaangalia, akaniuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Mama, hii tuandike pamba safi au fifi?"

"Andika fifi," nikamwambia. "Mwenyewe nimeshafifia."

Kicheko kilichokuwa kimeanza kwenye foleni kikakatika. Mpimaji akashusha baiskeli polepole, akasema, "Pole sana mama. Mungu akufanyie wepesi." Nikaitikia amina. Neno hilo nilikuwa nimepewa na kila mtu tangu msiba, mwenye kanzu na mwenye rozari, kwenye simu na barabarani. Jamani, wepesi ninao tele, nilisema moyoni. Hakuna kitu kilichokuwa kinanilemea hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu.

Nikajaribu kwanza hadi Ngulyati na kurudi. Mkoba wa pembetatu ulinisugua magoti, nikaufumua nikaupunguza. Boliti ya siti ililegea, nikaikaza. Jumatatu iliyofuata nikafunga mlango, nikaweka maji, shuka, sufuria ndogo na viraka, nikashika njia.

Safari yenyewe ningependa niseme ilikuwa na mambo makubwa. Haikuwa nayo. Kulikuwa na vumbi, na pamba iliyonyofoka kwenye malori ikanasa kwenye miiba kando ya njia, na ng'ombe wanaokukodolea macho bila kuhama. Palipokuwa na mchanga nilishuka nikasukuma. Tairi ya mbele ilichomwa mwiba, nikakaa chini nikaziba. Usiku nililala kwa familia moja ya wafugaji. Mama wa pale alinipa maziwa, akaniuliza nakwenda wapi, nikasema nakwenda kwa mama mkwe wangu, akaniuliza mume yuko wapi, nikasema yuko hukohuko. Akasema basi vizuri. Nilikuwa nasubiri nijisikie kitu. Nilisikia mapaja tu.

Nilifika kesho yake alasiri. Mama mkwe alikuwa uani, anaanika michembe juu ya mwamba, viazi vimekatwakatwa vimesambazwa. Nikalaza baiskeli chini, nikapiga magoti palepale kwenye kokoto. "Mwadila, mayu."

Hakuitikia salamu. Aliendelea kugeuza michembe. Nikaona kama atanifanya vile vile, nikapandwa na hasira, na nilishukuru kuipata, ilikuwa hasira ya kweli. Nikasema, "Mama, sikulia. Najua uliniona. Nimekuja unisute usoni, siyo kwa jirani yako wa simu. Kama nimefukuzwa, nifukuze mwenyewe."

"Nilikuona," akasema. Kiswahili chake ni cha kuhesabu maneno. "Watu wote walikuona."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuonea wivu."

Nikainua uso. Alikuwa amekaa chini, kipande cha kiazi mkononi, hanitazami.

"Wale wanawake walikuwa wananiangalia," akasema. "Mama wa marehemu ni lazima. Nikapiga kelele. Kelele ile ilikuwa ya watu, ng'wanone, mwanangu. Kulia mimi sijalia bado. Nakaa hapa, nageuza michembe, nakula, nalala. Nikasema, yule binti ameweza kukaa kimya, mimi nimemwuza mwanangu kwa kelele. Nikaona haya. Ulipopiga magoti mlangoni nilikuwa nimesimama nyuma yake."

Nikajisogeza kwa magoti hadi kwenye mwamba, nikaanza kugeuza upande wangu. Tuligeuza mpaka jua likashuka, hakuna aliyelia. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza kama hicho kidude kweli kimenileta kutoka Bariadi. Nikamwambia ndiyo. Akasema kimekonda.

Tulipokusanya michembe kwenye ungo nikamwuliza nilale wapi. Pembeni ya ua ipo nyumba ya vyumba viwili, mume wangu aliijenga kwa ajili yetu tukija likizo. Mlango ulikuwa na kufuli, na buibui ameshatanda juu yake.

Akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo, akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole.

"Nyumba yenu sijaifungua," akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."