Karatasi ya Mgomba na Khanga ya Mama

Jamani, leo mama kaniumbua mbele ya wanangu!

Miaka ya tisini nilikuwa najifunza kutengeneza karatasi za mgomba, hapahapa Manzese. Unachemsha mgomba, unautwanga kwenye kinu, rojo lake unalitandaza juu ya kitambaa likauke.

Sasa mie, kitambaa nikachukua khanga mpya ya mama, haijaonja hata maji.

Wekundu wote ukahamia kwenye karatasi!

Mama alininunia wiki nzima. Karatasi nikaitupa.

Leo kafungua sanduku lake, akaitoa. Imekunjwa vizuri ndani ya khanga ileile.

"Mama, kumbe uliiokota?"

"Khanga nilinunua nyingine. Karatasi ya kwanza ya mwanangu ningeinunua wapi?"

Machozi hayo. Nikasingizia moshi.

Binti yangu akadakia: "Baba, bibi anapikia gesi."