Mihogo ya Régina Juu ya Mota

Kama kuna mtu ambaye hakuhitaji kufundishwa kwamba mto wa kijiji chao umeharibika, basi ni Régina. Tangu alipoolewa pale, upande wa Wamaza, alikuwa na shimo lake mtoni la kuloweka mihogo, alilorithi kwa mama mkwe wake, limezungushiwa vijiti ili mwanamke mwingine asilikosee. Mihogo ya kwao ni michungu. Isipolala majini siku kadhaa haifai kuliwa. Siku hizi kila alipoitoa ilikuwa imeshiba matope mekundu, na bugali ulilia mchanga menoni mwa wajukuu.

Hata hivyo alifundishwa. Akafundishwa tena. Watu wa shirika fulani walikuja kwa pikipiki kutoka Kasongo, wakatundika picha ya samaki aliyekufa kwenye ukuta wa kanisa, wakauliza: "Mama, mto ukichafuka, nani anapata hasara?" Wanawake wakaitika kwa pamoja kama watoto wa shule, maana aliyejibu alipewa sabuni. Régina alijibu huku damu ikimchemka.

Lililomuudhi kuliko yote ni komite ya mazingira. Rais wake ni Glody, mwanawe wa kwanza. Glody ana maneno mazuri, hakuna anayebisha. Akianza habari za misitu na mvua na vizazi vijavyo, hata wenye njaa wanasahau kwenda kula. Na ni Glody huyohuyo aliyerudi kutoka migodi ya Salamabila na mota ya kuvuta maji, akaisimika upande wa juu wa mto. Kutwa nzima yeye na wenzake wanaosha mchanga wa dhahabu, na matope yote yanawashukia akina mama.

"Glody, hamisha mota," Régina alimwambia.

"Mama, tunajua. Tumesha sensibilisha wachimbaji wote, tumewafundisha."

"Na maji je?"

"Hiyo itakuja pole pole."

Pole pole! Kana kwamba matumbo ya watoto yanajua pole pole. Nyumba nzima ilikula mihogo ile, na shamba lingine hakuwa nalo.

Basi Régina akang'oa vijiti vyake. Akajaza kikapu mihogo, akakibeba mgongoni, akapita katikati ya wachimbaji bila kusalimu, akaenda kuloweka juu ya mota, maji yanakotokea, palepale wao wanapochota ya kunywa. Hakuna mwanamke wa kijiji aliyewahi kufanya hivyo. Mihogo ikilowa inanuka, na hata msichana mdogo anajua kwamba huloweki juu ya mahali watu wanapokunywa. Régina aliona aibu, aliona sana, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Hazikupita siku nyingi, Glody akamjia mbio palepale mtoni huku akitema mate.

"Mama! Maji yetu ya kukunywa iko inanuka! Weye haujue kama maji ya mutu haichafuliwe?"

"Najua. Walinifundisha."

"Toa ile mihogo. Ukikatala, komite itakuita."

"Komite ni nani?"

Glody akatupa jicho kwenye mota.

"Iniite," Régina akasema. "Siku utatoa mota, miye natoa mihogo."

Akaketi juu ya jiwe kando ya mihogo yake, akatia miguu majini. Maji ya huku juu yalikuwa meupe. Aliona vidole vyake vyote, kitu ambacho kule chini alikuwa amekwisha kukisahau. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akayafuta upesi wasije wakamuona.

Jua lilipowaka, wachimbaji walishika bidoni zao za maji wakaenda kuchota ya kunywa nyuma ya kilima, wakimlaani kwa sauti ili asikie. Alisikia, na alitamani njia yao ingekuwa ndefu zaidi. Wa mwisho alikuwa Glody, bidoni mbili mkononi, hakugeuka. Mota ilinyamaza, kwa sababu hapakubaki mtu wa kuiendesha.